Kibandiko Kikibanduka: Maneno ya Konea kwa Mgonjwa wa Keshero

Kiswahili kina jozi ya vitenzi inayostahili kukaa mezani pa kila daktari wa macho: *bandika* na *banduka*. Cha kwanza ni kukiweka kitu juu ya kingine kikashika. Cha pili ni kuachia kwa kile kilichokuwa kimeshika. Kati ya i na u pana habari nzima ya upasuaji mmoja wa kisasa, ule wa kubadilisha tabaka la ndani tu la konea iliyojaa maji. Nataka tuyapitie maneno ya upasuaji huo, wewe nami, mlinzi mwenzangu wa lugha, na hasa maneno ya matokeo yake, maana hapo ndipo Kiswahili kinapodaiwa zaidi.

Naandika haya Keshero, magharibi mwa Goma, mtaa ambao hata jina lake huandikwa kwa namna mbili, Keshero na Kyeshero. Upasuaji wa namna hii mtu wa hapa huufuata mbali: Nairobi, ambako Hospitali ya Macho ya Lions SightFirst huko Loresho hupandikiza konea, au India. Jicho hufunguliwa huko, lakini matokeo yake mgonjwa huishi nayo huku. Karatasi anayorudi nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Munganga wa jirani, yaani daktari wa huku, alisoma kwa Kifaransa. Mke na watoto watakaomtilia matone husema Kiswahili. Jicho likibadilika saa nane za usiku, habari ya kwanza itatolewa kwa Kiswahili. Kwa hiyo kipimo changu cha istilahi ni kimoja: je, mgonjwa mwenyewe anaweza kuitumia kueleza kilichompata?

Tuanze na *konea*. Kilatini kiliitoa kwenye neno la pembe ya mnyama, kwa kuwa utando huo ni mgumu na unapitisha mwanga kama pembe iliyoparwa ikawa nyembamba. Waarabu nao wana picha hiyohiyo, husema *qarniyya*, kutoka *qarn*, pembe. Wajerumani pia walifanya vivyo hivyo. Sisi tulichukua sauti tukaiacha maana. Silaumu, konea ni neno jepesi, linakaa vizuri kinywani, na mtu wa Goma aliyesoma kwa Kifaransa, anayesema *cornée*, analitambua mara moja. Ila halimwonyeshi mtu kitu.

Wengine husema *kioo cha jicho*. Neno hili linaonyesha. Kioo hupitisha mwanga, kioo huingia ukungu, na hayo mawili ndiyo maisha ya konea. Kasoro yake ni kwamba lenzi ya ndani nayo ni angavu, na wapo wanaoiita kioo vilevile. Napendekeza tuseme *konea* maandishini, na mara ya kwanza mbele ya mgonjwa tuongeze *kioo cha mbele cha jicho*. Hilo neno dogo, *mbele*, linamaliza ubishi.

*Mboni* isiguswe. Neno hili ni la kale sana katika familia ya Kibantu, nalo ni ndugu wa kitenzi *ona*. Jirani zetu wasemao Kinyarwanda wana *imboni* na *kubona*, na msikilizaji wa Goma huusikia undugu huo bila kufundishwa. Lakini mboni ni lile tundu jeusi la katikati pamoja na duara linalolizunguka, na konea imekaa mbele yake. Anayetafsiri konea kwa mboni anamtuma mgonjwa aangalie dirisha lisilo lenyewe.

Hatari kubwa zaidi imo katika *mtoto wa jicho*. Ni jina zuri, na Afrika Mashariki nzima inalijua. Jirani zetu wa Rwanda huita ugonjwa huohuo *ishaza*, neno lilelile la punje ya njegere. Majina yote mawili yanataja kitu kidogo kilichokaa ndani ya jicho, na ndivyo ilivyo: lenzi imekuwa nyeupe. Sasa, moja ya sababu kubwa za konea kujaa maji ni upasuaji wa huyohuyo mtoto wa jicho, pale tabaka la ndani la konea linapoumia. Mgonjwa akiona ukungu tena husema, "Mtoto amerudi." Hakurudi. Lenzi iliyotolewa haioti tena. Ugonjwa umehama mlango, na lugha lazima ihame nao.

Kwa weupe wa konea yenyewe, kamusi za zamani zinatunza neno ambalo tumelisahau: *chamba cha jicho*, ule utando mweupe unaoonekana juu ya jicho. Lilitumiwa ovyoovyo, mara kwa konea, mara kwa lenzi. Napendekeza tulirudishe kazini tukiwa tumeligawia zamu yake: mtoto wa jicho kwa lenzi, chamba kwa konea. Mtu akisema ana chamba, munganga ajue moja kwa moja aangalie mbele.

Sasa *uvimbe*. Vitabu husema "uvimbe wa konea", na kisarufi hakuna kosa. Lakini uvimbe una maisha mengine. Uvimbe wa kizazi, uvimbe wa titi, uvimbe unaokatwa na kupelekwa kupimwa: kwa masikio ya leo neno hili limekaribiana mno na saratani. Mwambie mama wa Keshero kwamba ana uvimbe kwenye jicho, naye atalia kabla hujamaliza sentensi. Na bado hujamweleza kilichotokea, kwa kuwa hakuna kilichoota. Maji yameingia mahali pasipo pake.

Kitenzi chake ni *kulowa*. Konea imelowa. Unene wake katikati ni kama nusu milimita, na uangavu wake unategemea nyuzi zake kupangana vizuri, kila moja umbali ule ule na mwenzake. Maji yakizidi, nyuzi husukumana, mwanga hutawanyika. Kulowa kunasema sababu, na kunabeba tumaini kimyakimya, kwa maana kilicholowa kinaweza kukauka. Maandishini tuandike *kulowa kwa konea*. Mdomoni tuseme *konea imelowa*. Neno moja litumike karatasini na kinywani, bila mkalimani.

*Ukungu* ni neno ambalo wagonjwa wamelichagua wenyewe, na wamechagua vema. Ila lina undani ambao waganga wanaweza kuuchimba. Usiku kope zikiwa zimefungwa, maji ya konea hayapati njia ya kutoka kwa mvuke. Kwa hiyo asubuhi ndipo ukungu huwa mzito, na mchana hupungua. Swali la maana basi ni hili: "Ukungu wako unaondoka saa ngapi?" Anayejibu saa tatu ana nafuu kuliko anayejibu saa saba. Na ugonjwa ukiendelea, ukungu hukaa hadi jioni. Hiki ni kipimo cha Kiswahili kwa saa za Kiswahili, nacho hakihitaji mashine.

Pakiwa na maji mengi zaidi, ngozi ya juu ya konea huinuka vipele vya maji, navyo vikipasuka huuma sana. Madaktari wana jina refu la Kigiriki na Kilatini. Sisi tuna *malengelenge*, neno ambalo kila aliyewahi kuungua mkono kwa maji ya moto analijua pamoja na maumivu yake. *Konea yenye malengelenge*: hapa hakuna cha kupendekeza ila kutumia tulichonacho.

Tufike kwenye tabaka lenyewe linaloumwa. Wataalamu huliita *endotheli*. Ukilifuata neno hilo hadi Ugiriki utakuta *thele*, maana yake chuchu. Lilianza kwa ngozi ya sehemu hiyo ya mwili, likasafiri kutoka kitabu hadi kitabu mpaka likafika ndani ya jicho, ambako chuchu haipo. Hatudaiwi kuibeba safari hiyo. Tuulize badala yake: seli hizi hufanya nini? Huchota maji. Maji huingia katika konea kila wakati kutoka chemba ya jicho, nazo huyachota na kuyarudisha yalikotoka, mchana na usiku.

Mtu wa pwani angependa *kufua maji*, neno la mabaharia la kutoa maji yaliyoingia chomboni. Ni neno tamu, na linafaa ajabu. Lakini Goma kufua ni nguo tu, na istilahi inayogawanya wasikilizaji haijakomaa. Kuchota kunaeleweka kutoka Lamu hadi ufuo wa Kivu, ambako watoto wa Keshero huteremka na madumu yao kila asubuhi. Naziita seli hizo *wachotamaji*, na tabaka lao *tabaka la wachotamaji*. Wachotaji wakipungua, nyumba haikosi maji hapa, hufurika. Tofauti hiyo ielezwe mara moja, kisha jina litafanya kazi lenyewe.

Jambo la pili kuhusu wachotamaji ni kwamba hawazaani. Kijana ana takriban 3,000 katika kila milimita mraba ya konea. Kila anayekufa haachi mrithi. Majirani hutanuka wakatanda juu ya nafasi yake. Idadi ikishuka kuelekea 500 hivi, maji hushinda. Kitenzi *tanda* kimekuja chenyewe hapo, nacho ndicho baba wa *utando*. Kwa hiyo tunaposema *utando wa ndani wa konea* tunasema kweli mara mbili: ni kitu chembamba kilichotandwa, na ni seli zinazozidi kutanda kadiri zinavyopungua.

Angalia tu usiteleze ukasema *utandu*. Utandu ni ule ukoko wa wali ulioganda chunguni, na pia kitu chembamba kinachofunika kitu kisipotakiwa. Utando mgonjwa anapewa, utandu huondolewa. Irabu moja ya mwisho inatenganisha zawadi na uchafu, na mhariri wa kijitabu cha afya anapaswa kuilinda kama anavyolinda kipimo cha dawa.

Kabla ya kubandika, tulitazame neno la tendo zima. Kiswahili sanifu husema *upasuaji*, kutoka *pasua*, kitenzi cha mbao na miamba. Kumwambia mtu "tutakupasua jicho" ni kumpa picha ya jicho lililopasuka, hali tundu lenyewe ni la milimita chache. Goma wengi hukwepa kwa kusema *operesheni*. Lakini mji huu umezisikia operesheni nyingine: Umoja Wetu na Kimia II mwaka 2009, Amani Leo mwaka 2010, Shujaa mwaka 2021. Majina ya amani, umoja na ushujaa yalivishwa shughuli za bunduki, na neno operesheni likalowa damu. Nashauri *upasuaji* libaki kuwa jina la fani, na mbele ya mgonjwa tuseme *kufungua jicho*. Kifunguliwacho hufungwa, hilo nalo limo ndani ya kitenzi.

*Kupandikiza* ni neno la mkulima. Mbegu husiwa kitaluni, mche hupandikizwa shambani. Lugha imelipanua hadi figo na ini, na hatuwezi kulirudisha nyuma. Tatizo ni jingine: akina mama wa mtaa wowote wenye kituo cha afya wanakijua *kipandikizi*, nacho ni kile kijiti cha uzazi wa mpango kinachowekwa mkononi. Mwambie mmoja wao kwamba mume wake amewekewa kipandikizi cha jicho, na utahitaji dakika kumi za kurekebisha.

Na hata pasipo mgongano huo, kupandikiza hakutofautishi mambo mawili yaliyo tofauti kabisa. Tarehe 7 Desemba 1905, Eduard Zirm alimwekea mgonjwa konea ya mtu mwingine mjini Olomouc, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, nayo ikabaki angavu. Alikata duara la konea, unene wote, akaweka jingine. Kwa karne karibu nzima hiyo ndiyo iliyokuwa njia, na siku hizi duara hilo hushonwa pembezoni kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kazi hiyo ina kitenzi chake halali: *kushonea*. Konea imeshonewa. Wengine wangesema *kutia kiraka*, ila kiraka ni neno la umaskini, na mtu aliyepata kuona tena hapaswi kutembea na jina la nguo kuukuu.

Kisha akaja Gerrit Melles wa Uholanzi, ambaye mwaka 1998 alieleza jinsi ya kubadilisha nyuma ya konea peke yake, na mwaka 2006 akafikia utando mtupu, ule unaoitwa kwa jina la Jean Descemet, tabibu Mfaransa wa karne ya 18, pamoja na wachotamaji waliokaa juu yake. Hapa hakuna uzi unaoshika utando huo, wala gundi. Utando mpya hushika kwa nyuma ya konea kwa kubanwa tu mpaka unate. Hii si kushonea, na si kupandikiza kwa maana ya mche. Ni *kubandika*. Na kilichobandikwa ni *kibandiko*.

Mpinzani atasema kwamba kibandiko ni cha bahasha na matangazo, na kwamba *upandikizaji wa sehemu ya konea* unasikika kitaalamu zaidi. Namjibu kwamba *sehemu* haisemi sehemu ipi, na mgonjwa anaweza kuamini amepewa nusu ya tiba kwa kukosa pesa za nzima. Kwa konea ambayo ni tabaka la ndani tu lililoharibika, hii ndiyo tiba kamili. Kubandika kunaondoa unyonge huo, kwa kuwa hakupimi kiasi, kunaeleza namna.

Tena kitenzi hiki kimezaliwa na kinyume chake. Kiswahili kina ukoo wa vitenzi vinavyojifungua kwa sauti ya u: funga na fungua, funika na funua, ziba na zibua. Upasuaji huu unauhitaji ukoo huo wote. Utando mtupu ukitolewa kwa marehemu *hujikunja* wenyewe, na ndani ya jicho daktari hutumia muda wake mwingi *kuukunjua*. Ukishakunjuliwa, *hubandikwa*. Siku za mwanzo unaweza *kubanduka*, na hilo ndilo tatizo la mapema linaloonekana mara nyingi zaidi. Kunja, kunjua, bandika, banduka: vitenzi vinne, hatua nne, na mtoto wa darasa la tatu anavijua vyote.

Kinachoubana utando ni hewa iliyopulizwa ndani ya jicho. Ripoti zetu hutumia *povu* na *kiputo* kana kwamba ni kitu kimoja. Povu ni viputo vingi vidogo, kama vya sabuni. Hapa kinatakiwa *kiputo* kimoja kikubwa. Utando ukibanduka, kiputo *hupulizwa upya*, na mara nyingi hiyo inatosha. Hewa hupanda juu, kwa hiyo mgonjwa hulala *chali*, uso ukitazama dari, ili kiputo kisukume mahali panapotakiwa. Chali! Silabi mbili zinazofanya kazi ambayo lugha nyingine huifanya kwa maneno matatu. Iandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya kutoka hospitali.

Kinyume chake, *kifudifudi*, nacho kimepata kazi. Mwaka 2018 madaktari wa Kyoto, wakiongozwa na Shigeru Kinoshita, walichapisha habari za wagonjwa waliodungwa seli za wachotamaji zilizokuzwa maabara, kisha wakalazwa kifudifudi kwa saa 3 ili seli zishuke zikae kwenye konea. Seli hizo zilisiwa na kukuzwa nje, ndipo zikahamishiwa jichoni. Hapa mkulima arudishiwe neno lake: maabara ni *kitalu*, na tendo ni *kupandikiza* kwa maana yake halisi. Tukilitunza neno hilo leo, kesho litakuwa na mahali pa kwenda.

Aliyetoa konea tumwiteje? *Mfadhili* Goma ni shirika lenye gari jeupe. *Mchangiaji* ni wa damu. Hutoa, hunywa soda, huenda nyumbani. Mtoa konea ameshafariki. Lugha yetu ina kitenzi *kuusia*, kuacha neno la mwisho litakalotekelezwa na waliobaki. Napendekeza *mwusia konea*. Jina hili linaheshimu hiari yake, na linaikumbusha familia kwamba kutimiza usia ni deni lao.

*Benki ya macho* nayo inanisumbua. Benki kwetu ni pesa, na pesa ikikaa karibu na viungo vya binadamu husikika kama biashara. Lakini Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu neno *amana*: kitu ulichokabidhiwa ukitunze kwa ajili ya mwingine, nawe huna haki ya kukiuza. *Amana ya macho* inasema sheria na maadili ya nyumba hiyo kabla hata hujaingia mlangoni.

Sasa *matokeo*. Asili yake haina lawama, ni yale yaliyotokea. Ila kwa mtoto wa shule na mzazi wake, matokeo ni orodha iliyobandikwa ukutani: umepita au umeanguka, na siku hiyo ndiyo mwisho. Konea iliyobandikwa haina siku kama hiyo. Ina wiki ya kushika, miezi ya kung'aa, na miaka ya kudumu. Wala *hatima* haifai, kwa kuwa inafunga kitabu mapema. *Natija* ni nzuri kwa makala za wataalamu. Kwa mgonjwa napendekeza tuyagawe matokeo katika vitenzi vyake na kumwuliza kimoja kimoja.

Kitenzi cha kwanza ni *kushika*. Kibandiko kimeshika, au kimebanduka. Hili ni jambo la siku na wiki. Kipo pia kibandiko kinachoshika lakini wachotamaji wake hawaanzi kazi hata siku moja, na konea haikauki. Hicho *hakikushika kazi*, msemo ambao kila mwajiri anauelewa.

Cha pili ni kile ambacho vitabu huita kukataa: "mwili umekikataa kiungo". Hapa nasimama imara zaidi kuliko popote. Kukataa kwa Kiswahili ni neno la mwisho. Binti akikataa posa, wazee hurudi kwao. Kumbe kinachotokea jichoni mara nyingi hutulizwa kwa matone yenye nguvu, mradi mgonjwa awahi. Jina lake liwe *mgomo*. Mwili umegomea kibandiko. Mgomo una dalili: jicho jekundu, mwanga unaoumiza, maumivu, ukungu uliorudi. Mgomo una mazungumzo, na mgomo huisha. Aliyeambiwa "umekataliwa" hukaa nyumbani kulia. Aliyeambiwa "mwili umegoma" huchukua moto-taksi kwenda kwa munganga.

Na tofauti kati ya kushonea na kubandika inaonekana hapa kwa hesabu. Madaktari wa Indianapolis, Marekani, walichapisha mwaka 2012 ulinganisho wa wagonjwa wao: katika miaka 2, uwezekano wa mgomo ulikuwa asilimia 1 kwa waliobandikwa utando mtupu, asilimia 12 kwa waliobandikwa utando pamoja na tabaka jembamba la nyama ya konea, na asilimia 18 kwa walioshonewa konea nzima. Lugha inayotumia neno moja, kupandikiza, kwa hao wote watatu inauficha ukweli huo.

Cha tatu ni *kuchakaa*. Ndani ya mwaka wa kwanza kibandiko hupoteza theluthi moja ya wachotamaji wake, pengine zaidi, kisha hupungua polepole. Miaka ikipita, kingine hushindwa na konea hulowa tena. *Kufeli* ni neno la mtihani, na linamtafuta mkosaji. *Kufa* kunamrudisha marehemu aliyeusia. Kuchakaa hakumlaumu mtu: kitu kimetumika, kimefanya kazi, muda wake umefika, na kinaweza kubadilishwa. Kibandiko kilichochakaa hubanduliwa, kingine kikabandikwa.

Cha nne ni *kuona*, na hapa tuchague jina kwa uangalifu. *Maono* Goma ni ya nabii. *Uoni* ni sahihi, na *uoni hafifu* umeshaota mizizi Tanzania. Kwa kile kinachopimwa kwa herufi za ukutani napenda *makali ya jicho*, kwa kuwa tayari tunasema mtu ana macho makali. Jicho laweza kung'aa bila kuwa na makali, kwa sababu ya ugonjwa mwingine nyuma yake. Makali na uangavu vipimwe na vitajwe mbalimbali, ili mtu asidhani kibandiko kimemdanganya.

*Kupona* nimeliacha mwisho makusudi. Linafanana kwa sauti na kuona, na mgonjwa huyasikia kama pacha ingawa asili zao ni mbili. Kupona ni kumalizana na ugonjwa. Mwenye kibandiko hamalizani nao hivyo. Hutia matone kwa miezi, wengi kwa miaka, na anayeyaacha kwa kuwa "amepona" hualika mgomo. Tuseme *amepata nafuu ya kutunza*. Ni refu kidogo, lakini urefu wake ndio dawa.

Haya ni mapendekezo ya mtu mmoja, na istilahi haizaliwi na mtu mmoja. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha 4 za taifa, na tangu mwaka 2022 nchi yetu imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo Goma, Bukavu, Bunia na Lubumbashi wana haki na wajibu wa kukaa meza moja na Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi maneno ya tiba yanapogawiwa. Tusiende huko kuomba tafsiri. Twende na vitenzi mkononi.

Na kabla ya kwenda, tuvijaribu hapa. Mtu aliyetibiwa mbali akirudi Keshero aweze kumwambia munganga asiyemjua: "Konea yangu ililowa, nikabandikwa utando wa ndani. Siku ya tatu ulibanduka, wakapuliza kiputo upya, nikalala chali, ukashika. Mwezi wa saba mwili uligoma, nikawahi, nikatiwa matone, ukatulia. Sasa ukungu unaondoka kabla ya saa mbili." Hakuna neno la kigeni hapo lililobaki gizani, na munganga ameshapata karibu kila anachohitaji ili aanze kazi. Kama neno langu mojawapo litamkwama mgonjwa wako kooni, litupe na uniletee lililo bora.